Pale Pasipofika Maji

Akuch alinieleza haya mwaka juzi, siku nilipompelekea makaa kwake katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma.

Alikuja mgeni kutoka kwao Sudan Kusini, shati limepigwa pasi. Akasema nchi sasa inajengwa upya, kisha akauliza, "Dada, mvua ikijaa, ni wapi kwenu maji hayafiki?"

Akuch alidhani wanatafuta pa kujenga shule. Akamwaga unga wa msaada kwenye sinia, akachora mto kwa kidole, akafinya kilima kidogo kando yake. "Ni hapa kwa boma letu. Baba tulimzika hapa."

"Panabeba gari zito?"

Akuch akacheka. "Ng'ombe wote wa baba walilala hapo na kwato hazikuzama."

Mgeni akaupiga picha ule unga, akaenda zake.

Mwaka uliofuata kaka yake Akuch alifika kupitia mpaka wa Nadapal. Akamvuta nje, mama yao asisikie. Akamwambia watu wa kijiji wamefukuzwa. Pale kilimani ni kambi ya jeshi, ya kulinda visima vya mafuta.

"Na kaburi la baba?"

"Tingatinga ilipita. Wanasema mtu wetu ndiye aliwaonyesha. Nikimjua, nitammaliza kwa mkono wangu."

Akuch alificha kidole ndani ya kanga.

Mama akaita kutoka ndani, "Kwetu bado wanajenga?"

"Wanajenga, mama."

"Basi baba yenu hayuko peke yake." Akalaza kichwa juu ya mzigo wa kurudi kwao, aliokuwa ameufunga tangu siku ya mgeni, akalala.