Ukingo wa Kigoda

Shangazi alikuwa keshamwambia Darubini akichukue kigoda, akakiuze. Kijana akakipindua, na furaha yote ikamwishia. Ukingo mzima ulikuwa na vishimo.

"Shangazi, kimeliwa na panya! Na mteja nimeshamwahidi!"

"Panya mwenyewe wewe," shangazi akacheka. "Hayo ni meno. Kila mtoto wa nyumba hii akiota meno aliguguna hapo. Hebu lete kidole."

Darubini, aliyezoea kuingia nyumba za watu kununua vitu vya kale na kutoka navyo bila kupepesa jicho, akatoa kidole kama mtoto.

"Hapa baba yako. Hapa mimi. Na hapa wewe. Ulikuwa mlafi, tazama ulivyochimba!"

Kidole kikatua kwenye vishimo viwili, vidogo kuliko punje za mahindi, laini kama vimepakwa mafuta. Meno yake ya kwanza.

Akaendelea kupapasa mpaka upande wa pili, ambako mti ulikuwa mweusi tii na alama zimekaribia kufutika.

"Na haya ni ya nani?"

"Hayo?" Shangazi akashusha sauti. "Hayo hata bibi yangu aliyakuta."

Darubini akaketi sakafuni, kigoda mapajani. Simu ikaita. Alikuwa mteja. Akaipokea kwa mkono mmoja. Wa pili haukubanduka kwenye ukingo.

"Bosi wangu, nisamehe," akanong'ona. "Nimekikuta kimetafunwa chote."