Vyeti Kumi na Vinne

Kwa wiki tano mfululizo, mkufunzi alikuwa akifunga vifungo vya blauzi yake kwa vidole viwili tu. Asubuhi moja mumewe alimkuta mbele ya kioo, amekunja vidole vitatu vya mkono wa kulia, anahangaika na kifungo cha shingoni.

"Nini tena, mke wangu?"

"Najaribu tu."

Alitaka kujua yule mkandaji wa unga wa kiwandani, aliyebakiwa na vidole viwili, anavaaje siku hizi.

Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wafanyakazi wapya wa kiwanda cha mikate: usafi, mizani, joko, na usalama wa mashine. Siku tatu, halafu cheti. Walimpachika jina la Mama Kwanza, maana hakuweza kusema maneno mawili bila hilo. "Kwanza funga kamba za viatu. Kwanza tazama sakafu." Walimcheka chinichini, lakini waliyashika aliyowaambia.

Siku ya tatu ya kundi la mwisho, lile la huyo mkandaji, aliitwa kwenye usaili makao makuu. Nafasi ya mkuu wa idara ya mafunzo ilikuwa wazi, na yeye alikuwa ameisubiri miaka tisa. Lilibaki somo moja la dakika arobaini: kuzima swichi kuu na kuifunga kwa kufuli kabla ya kuingiza mkono kwenye mashine. Akatazama saa ya ukutani. Akawatazama wanafunzi wake kumi na wanne, kofia za nyavu hadi kwenye nyusi, barakoa hadi puani.

"Hilo la mwisho mtajisomea kwenye kijitabu," alisema. Akatia sahihi vyeti kumi na vinne juu ya goti, akatoka mbio.

Cheo alikipata.

Wiki saba baadaye, mkandaji aliingiza mkono kusafisha mashine. Mwenzake wa upande wa pili, asiyejua hili wala lile, akabonyeza kitufe. Vidole vitatu vikaenda. Kiwanda kilifungua faili, kikakuta cheti, kikaandika: mfanyakazi alifundishwa ipasavyo, uzembe ni wake. Akaachishwa kazi angali na bandeji.

Mkufunzi aliyasoma maneno hayo katika ofisi yake mpya. Pembeni mwa faili kulikuwa na nakala ya cheti, na chini ya cheti sahihi yake, imepinda kwa haraka. Kuanzia siku hiyo akawa anafunga vifungo kwa vidole viwili. Mwishowe alimweleza mumewe yote.

"Ukisema, watakutoa," mumewe alimwambia.

"Na nisiposema?"

Mumewe alimsogezea kalamu.

Barua ilikuwa fupi: cheti kile ni cha uongo, somo hilo sikulifundisha. Siku ya nne wakamwita na kumpa boksi la kutia vitu vyake. Wiki hiyohiyo mkandaji akapelekewa habari kwamba anarudishwa kazini, kwenye chumba cha kupakia mikate, ambako hakuna mashine ya kumla mtu.

Mkufunzi alidhani sasa moyo utatulia. Haukutulia. Alikuwa bado hajamtazama yule mtu machoni.

Ndiyo maana Jumamosi alibisha hodi kwenye nyumba ya vyumba viwili, nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Mke wa mkandaji alimfungulia, mtoto mchanga begani.

"Karibu, mama. Utusamehe kelele, huyu leo kaamka na hasira zake. Miezi mitatu bado hajatimiza, lakini nyumba nzima anaiendesha yeye."

Mkufunzi alijaribu kutabasamu, akashindwa. Mtoto naye alikuwa hajamjia akilini.

Mkandaji alikuwa kwenye kiti cha plastiki, mkono uliofungwa umelala mapajani. Alikuwa mwembamba kuliko alivyomkumbuka, na mkimya. Darasani alikuwa mchangamfu, maneno mdomoni tele. Maumivu yamemmaliza, mkufunzi aliwaza.

"Shikamoo, mama. Tukusaidie nini?"

"Marahaba. Ni mimi, Mama Kwanza. Mkufunzi wako."

Mkandaji aliinuka nusu, akaketi tena. Hakuthubutu kumtazama. Mkufunzi aliona ni haki yake.

"Sikuja kujitetea," alianza. "Ulikaa mstari wa mbele. Siku ya pili uliniuliza maswali matatu kuhusu mashine hiyohiyo, nikakwambia subiri, kesho tutafika huko. Kesho yake nikakimbilia cheo. Vidole vyako niliviuza mimi, mwanangu. Nisamehe."

Machozi yakamtoka, akayaacha yatiririke. Mke wa mkandaji aliacha kumbembeleza mtoto.

"Mwambie," alimnong'oneza mumewe.

"Aniambie tu," mkufunzi alisema. "Tusi lolote. Nimelistahili."

"Mama, usiseme hivyo." Mkandaji alitikisa kichwa. "Hiyo barua yako walinisomea waliponirudisha kazini. Wakasema umejitoa mwenyewe kwa ajili yangu. Tangu siku hiyo sina usingizi."

"Mkono unauma bado?"

"Si mkono."

Akamtazama mke wake, kisha mtoto, kisha, kwa mara ya kwanza, akamtazama mkufunzi usoni.

"Siku zile tatu niliomba ruhusa, wakasema mgeni kazini hana ruhusa. Na huyu mke wangu yuko wodini, uchungu umemshika. Nikampa mdogo wangu ovaroli yangu, kofia yangu na barakoa yangu, akakae darasani badala yangu. Mama, leo ndiyo mara yangu ya kwanza kukuona."