Madoa ya Siagi

"Miaka miwili mwanangu asijenge?" Darlene alipiga meza ya karani wa mji hadi kalamu zikaruka. "Tena uani kwangu mwenyewe! Na kichanga huyu alale naye garini?"

"Mama, nyumba mpya zimesimamishwa. Watu wamezidi, maji hayatoshi."

"Waliozidi ni hao wa kuja! Sheria ilikuwa ya kuwazuia wao. Mshenzi gani kaigeuza?"

Karani akamsogezea ombi la wakazi lililoileta sheria hiyo. "Haijageuzwa. Soma."

Darlene akasoma: isijengwe nyumba mpya yoyote, ya mtu yeyote. Chini ya maneno hayo palikuwa na sahihi yake mwenyewe Darlene, ya kwanza kabisa, na madoa ya siagi ya biskuti alizopitisha mlango kwa mlango ili majirani nao watie sahihi zao.

"Nani huyo wa kwanza, mama?" mwanawe alinguruma akichungulia nyuma yake, mtoto begani. "Nitajie jina lake."

Darlene akalifunika kwa kiganja.