Aliyefunga Kizazi

Mficha uchi hazai, na Marceline alikuwa amechoka kutozaa. Alivua kitenge, akapanda kitanda cha daktari bila kungoja aambiwe mara ya pili. Alikuwa amemdanganya mumewe, Nicolas, kwamba anakwenda sokoni kununua unga.

Nicolas hakuzipenda hospitali. Kwa mapadri, nenda. Kwa watu wa maombi, nenda. Hata kwa mganga wa mizizi aliwahi kumsindikiza mwenyewe. Lakini Marceline akitaja daktari tu, Nicolas alitoka nje kuvuta sigara, na maneno yakaishia hapo.

Hilo ndilo lilikuwa doa lake pekee. Vinginevyo, mume kama yeye ungemtafuta Likasi nzima usimpate. Marceline alishika mimba mara moja tu, akapasuliwa, mtoto akatoka amekufa. Tangu hapo, kimya. Ndugu za Nicolas walimletea msichana wa kuoa, akamrudisha kwao. Dada zake walimwita Marceline mti mkavu, akawafukuza mezani na chakula bado kinatoka moshi.

Mwishowe ukoo uliketi kumtafuta mchawi aliyefunga kizazi, na kidole kikamwangukia Mama Rosalie, mama mzazi wa Marceline, aliyekuwa akiishi nao. Bibi kizee alilia, akaapa kwa Bikira Maria. Nicolas alikaa akitazama sakafu, na siku ile hakutia kitu kinywani. Aliyetupa mabunda ya Rosalie barabarani alikuwa Marceline mwenyewe, kwa mikono yake miwili, majirani wakishangilia.

Rosalie alikwenda kuishi Kapolowe peke yake, akafa huko bila mtu wa kumpa maji. Nicolas ndiye aliyenunua jeneza, tena jeneza zuri, na kaburini alilia kumpita mtoto wa marehemu. Watu wakasema, mkwe ndiye huyo.

Walisema pia kwamba mchawi akifa, kizazi hufunguka. Mvua zilinyesha, zikakatika, zikanyesha tena. Hakikufunguka. Ndipo Marceline akaja hapa kwa siri, chini ya picha ya Rais mwenye kofia ya chui, mbele ya daktari mgeni aliyeitwa Camille, mwanamke mwenzake.

Camille alilitazama kovu la tumboni kwa muda. Akatoka kwenda kumwuliza mkunga mzee aliyekuwapo siku ya upasuaji ule. Aliporudi, alifunga mlango.

“Maman, habakukuambia?”

“Kuniambia nini, Docteur?”

“Siku ile kizazi kilipasuka. Balikishona, na balikata mirija ili usibebe tena mimba. Ingekuua. Hautazala tena, maman. Pole sana.”

Marceline hakulia kwanza. Alimwona mama yake amesimama barabarani, anaokota sufuria yake, anaifuta vumbi kwa ncha ya kitenge.

“Basi haikuwa mama,” alisema. “Miye nilimufukuza mama yangu bure.”

Camille alisogeza kiti karibu na kitanda.

“Na nani alibapa ruhusa ya kunikata?” Sasa Marceline alikuwa akipiga kelele, na nje foleni nzima ya wagonjwa ikanyamaza. “Balinilalisha na dawa! Hata muntu mumoja hakuniuliza!”

Daktari aliokota kitenge chini, akamfunika nacho taratibu, mabega kwanza.

“Hapa bibi ya muntu habamuulizake, maman,” alisema. “Balimuuliza bwana yako, kabla ya kukukata. Ni yeye alikubali.”