Dole Lako Kwanza

Bi Tausi alikuwa akigeuza vitumbua barazani wakati Shadadi, mwanasheria kijana, alipofungua kisanduku cha wino mbele yake.

"Mama, ulipokopa walikuuzia bima ya kufukuzwa kazi. Haikukufaa kitu. Weka dole gumba hapa, tukudaie fidia."

"Kufukuzwa kazi?" Bi Tausi alicheka. "Na nani? Nijifukuze mwenyewe?"

Kisha kicheko kikamwishia. Hata yule muuza bima alikalia kigoda hichohicho alichokalia Shadadi, akamwita mama, akamwambia aweke dole gumba. Marejesho ya mkopo yakapanda kwa ajili ya bima hiyo mpaka akauza friji.

"Na wewe utakata ngapi?"

"Sikati kitu, mama. Ofisi yetu inasaidia bure."

"Yule naye alisema bure."

Shadadi akatoa kalamu. "Basi nisaini mimi kwanza, kwamba sikati kitu."

"Kalamu sitaki. Kalamu kila mtu anayo. Chovya dole lako."

Akachovya, akagandamiza. Bi Tausi akaiinua karatasi juani, akaikagua mistari ya dole lile, kitumbua kikaungua. Halafu, taratibu, akaanza kufuta mafuta kwenye dole lake kwa pindo la khanga.