Komeo la Kigango

Bibi Eufrasia aliugonga mlango wa kigango, kanisa dogo la kijiji, kwa viganja vyote viwili. Nyuma yake, filimbi za wanaume waliomsaka zilikuwa zinakaribia.

"Mwalimu, nifungulie, mwanangu! Wananiua!"

Mwalimu wa katekisimu alisimama ndani, nyuma ya mlango. Mkono wake ulikuwa juu ya komeo, boriti nzito ya mninga aliyoipachika aliposikia filimbi ya kwanza. Katika ufa wa mbao aliliona jicho la bibi, jekundu kama kaa la moto.

Alijua wekundu ule haukuwa wa uchawi, bali wa moshi wa kinyesi cha ng'ombe, miaka yote ile ya kupikia. Hata jikoni kwake kulifuka moshi huohuo. Lakini juzi alimzika mwanawe wa mwisho, na mganga alimtaja bibi huyu kwa jina kuwa ndiye aliyemloga mtoto.

Nyuma yake, watoto wa komunyo ya kwanza walikuwa wameketi kwenye mabenchi. Sasa hivi tu walikuwa wakiitikia kwa sauti moja: mpende Mungu kwa moyo wako wote, mpende jirani yako kama nafsi yako.

"Mwalimu," akauliza msichana mmoja, "kwani huyu si jirani?"

"Kaa chini!"

Hakukaa. Alikuja mbio, akaingiza bega chini ya komeo, akalisukuma hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Komeo halikutikisika.

Filimbi ikalia pale kisimani, hatua chache kutoka mlangoni.

Msichana akainua uso, akihema.

"Ni zito, Mwalimu. Nisaidie."