Kibuyu cha Shemasi

Jeneza la shemasi lilifika kwenye geti la makaburi ya kanisa. Salome, katibu wa kanisa, alikuwa na ufunguo mkononi, lakini hakufungua.

"Shikamoo mama. Tufungulie basi," alisema mtoto wa marehemu.

"Marahaba. Subiri kwanza."

Akafunua kitabu cha historia ya kanisa, akasoma kwa sauti: "Mpika pombe na mnywa pombe wasizikwe ndani ya uzio." Mwandiko ulikuwa wa shemasi mwenyewe. Kwa maneno hayo, miaka thelathini iliyopita, mama yake Salome, aliyekuwa mpika pombe, alizikwa nje, kwenye shamba la ulezi.

"Baba hajaonja pombe maisha yake yote!"

Salome akatoa kibuyu kwenye kikapu. Kilikuwa cheusi kwa moshi, mdomo wake umelika kwa kunywewa, na ubavuni limechongwa jina la shemasi.

"Hiki kilikuwa kinaning'inia jikoni kwetu. Kila Jumamosi jioni alikifuata, akipitia mlango wa uani."

Wazee wa kanisa wakatazama viatu vyao.

"Lakini mama, kaburi limeshachimbwa humo ndani. Halifukiwi tupu."

"Zikeni shina la mgomba humo badala yake."

Kisha akanyoosha ufunguo kuelekea nje ya uzio, kwenye tuta moja katikati ya ulezi.

"Baba yenu mchimbieni pale, ubavuni kwa mama yangu. Yeye hakuwahi kumfungia mlango."